Mtihani wa Slesi na Msafara Wake

Kwa miaka kumi na mmoja yule bwana alibeba mikate ya tanuri kwa pikipiki bila leseni, wala hakuna aliyemuuliza. Nani amsimamishe mtu anayenukia vile asubuhi, kabla hujatia kitu tumboni? Hata askari wa barabarani walifumba macho na kuvuta pumzi. Jina lake halisi mkewe alilikumbuka akikasirika tu. Wengine wote walimwita Slesi.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kikongwe. Ilikohoa mara tatu, ikapiga chafya moja, ndipo ikakubali kutembea. Na Slesi alikuwa na mtindo wake wa kazi: mikate iliyovunjika na kingo zilizoungua alizitia kwenye mfuko shingoni, na kila alipokutana na mnyama barabarani alimrushia kipande. Msidhani ni huruma. Ilikuwa hongo. Bata bukini mmoja pale darajani alikuwa akimng'ata mguu kila siku, Slesi akaona afadhali amlishe kuliko kushona suruali. Mbuzi wakaona. Ng'ombe akasikia. Mambo yakawa ya ukoo mzima.

Siku moja mwenye tanuri, mama mwenye mikono minene kama michi, akapokea barua ya wakubwa: kila abebaye chakula barabarani awe na cheti cha kufaulu mtihani. Akamwita Slesi.

"Baba wee, nakupenda, lakini kuanzia kesho bila cheti mkate wangu hautoki mlango huu. Mpwa wangu ana gari."

"Mama, huyo mpwa wako hata chooni anaingia kinyumenyume!"

"Ana cheti."

Slesi akarudi nyumbani amenywea. Mkewe akapanga vyombo mkekani kumfundisha: sufuria lori, mwiko barabara.

"Sufuria inakuja kulia kwako. Unafanyaje?"

"Naipisha."

"Kikombe je?"

"Kikombe ni nani?"

"Ni mimi, navuka."

"Wewe nakupisha hata usipovuka."

"Haya, kamwambie mtahini hivyo uone."

Mchana huohuo akaenda. Mtahini alikuwa mama mfupi, miwani imefungwa kwa mpira wa ndala, ubao wa kuandikia kifuani. Akapanda nyuma.

"Usinizungumzishe. Mimi ni mzigo. Nenda mpaka darajani, pinda kulia njia panda, nirudishe ofisini."

Pikipiki ikakohoa mara tatu, ikapiga chafya. Hapo Slesi akajigusa shingoni: mfuko wa vipande ameuacha nyumbani, ati aonekane nadhifu!

Darajani, bukini kasimama katikati. Slesi akashika breki.

"Mbona huendi?"

"Huyu ametangulia, mtahini."

"Sahihi," mama akaandika.

Bukini akaitazama ile shingo tupu, akashangaa, akajipanga nyuma ya pikipiki. Mbele kidogo wakaungana naye mbuzi saba, kisha ng'ombe mwenye nundu. Mwisho akatoka punda wa shemeji yake Slesi, aliyestaafu kubeba maji tangu mabomba yaletwe. Wote wakamfuata fundi wao wa mikate, wakijua kipande kitakuja tu.

Sasa jueni kwamba wanyama hawa walimsoma Slesi miaka yote hiyo. Akinyoosha mkono wa kulia, walijua kulia. Akiupunga chini, walipunguza mwendo. Mbuzi walitembea wawili wawili, na ng'ombe alionyesha upande kwa mkia.

Mtahini akageuka. "Hawa ni wako?"

"Hapana. Tunafahamiana tu."

"Aliye kwenye mtihani wangu anaandikwa." Akafungua karatasi mpya. "Simama ghafla!"

Slesi akakanyaga breki. Nyuma yake miguu thelathini na minane ikasimama kwa mpigo mmoja. Lori lililowafuata ndilo lililoshindwa, likaingia mtaroni.

Njia panda, njaa ikawazidi mbuzi, wakaanza kulia. Slesi akageuka kuwaambia, "Nyamazeni jamani, mtanifelisha!" Basi hakutazama, hakunyoosha mkono, akapinda puani mwa baiskeli ya muuza mayai. Lakini wenzake? Wakasimama kwenye mstari mweupe. Punda akatangulia, akatazama kulia, kushoto, kulia tena, akalaza sikio la kulia, akapinda taratibu kama bwana harusi. Muuza mayai akamvulia kofia.

Ofisini mtahini akasoma matokeo.

"Bukini, amefeli: anatukana waenda kwa miguu. Mbuzi, umri haujafika. Ng'ombe, macho kwenye majani. Punda, amefaulu."

"Na mimi?"

"Wewe rudi mwezi ujao."

"Mama yangu, kesho nafukuzwa kazi. Sijui kufanya kingine. Miaka kumi na mmoja..."

"Bila leseni? Hilo ungelinyamazia." Akachovya muhuri. "Jina la punda?"

"Hana. Ni wa shemeji."

"Ataandikwa Shemeji." Akagonga muhuri, pwaa!

Slesi akaichukua ile karatasi kwa kuwa ndiyo aliyopewa, akaenda nayo tanurini, punda nyuma yake. Mpwa alikuwa amekwisha fika, anazungusha ufunguo kidoleni. Mwenye tanuri akasoma mara mbili.

"Hiki ni cha punda!"

"Barua yako ilisema kila abebaye chakula. Huyu atabeba. Mimi nitashika kamba tu."

Mpwa akacheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka. Akatoka nje, akamzunguka punda, akambonyeza mgongo kama anapima unga ulioumuka.

"Anaomba kupanda cheo?"

"Hajui hata kusema."

"Mpwa wangu anaomba kila wiki. Alfajiri, saa kumi na moja, awe hapa. Na mwoge nyote wawili."

Basi mkate ukaendelea kutoka. Askari akiwasimamisha, Slesi humpa cheti. Askari husoma, humpigia punda saluti, kisha humwambia Slesi atembee pembeni, maana yeye hana ruhusa ya kukaa katikati ya barabara.