Kesi za Athumani Zilizowaka Nyekundu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kizuizi cha mazao ya misitu pale Bungu, Karani Mkuu alinikabidhi muhuri na kunionya: "Binti, faini ni safari. Ikiruka kituo kimoja, tumemdhulumu mtu." Nilicheka kimoyomoyo. Nilidhani mzee anapenda tu kuhubiri.

Vituo vyenyewe ni hivi. Mtu akikamatwa na boriti za mikoko bila kibali, hati ya faini inaandikwa na chombo chake kinazuiliwa. Kisha anapelekewa taarifa huko kwao. Akishaipokea ndipo siku za kukata rufaa zinaanza kuhesabiwa. Zikipita kimya, chombo kinapigwa mnada.

Nilipohamishiwa Kibiti, muhuri ulikuwa umeshapisha kompyuta. Vijana kutoka Dar walituletea mfumo wa kutafuta hitilafu, yaani kesi ambazo hatua zake hazifanani na za kesi nyingine. Mfumo unaangalia kesi nyingi zinavyokwenda, unajifunza kawaida ni ipi, na inayokwenda kinyume inawaka nyekundu. Mimi ndiye niliyepewa kuzifuatilia. Wenzangu wakaniita Mama Nyekundu, nami nikalipenda jina.

Karibu nyekundu zote zilikuwa za mtu mmoja, Athumani, tarishi wetu wa delta, mpeleka taarifa visiwani. Taarifa za matarishi wengine zilionekana zimepokelewa siku ileile zilipoandikwa. Zake zilikawia wiki, pengine zaidi.

"Huyu mvivu anatuharibia picha," alisema Mkuu wa Kitengo. "Mwite ajieleze."

Nikamwita. Alikuja na suruali yenye tope hadi magotini.

"Mama, maji yakiwa mafu vijito havipitiki," alisema. "Nangoja bamvua, maji yajae, ndiyo niingie visiwani. Nikifika, mwenye barua yuko mikokoni anakata. Namngoja arudi, namsomea, ndiyo nabonyeza kwenye simu kwamba imepokelewa."

"Na wenzako je?"

"Wenzangu wanaishia bandarini Nyamisati. Barua wanampa nahodha yeyote, wanabonyeza palepale, wanakunywa chai."

Ndipo nilipoelewa. Wengi walikuwa wanakosea kwa namna moja, basi mashine ikajifunza kuwa kosa ndiyo kawaida, na mtu pekee aliyefanya kazi yake akawaka nyekundu! Huku nyuma siku za rufaa za watu wa visiwani zilikuwa zinateketea, barua ikiwa bado chini ya magunia ya mchele kwenye chombo cha mtu.

Nilimwendea Mkuu bila hata kugonga mlango.

"Mama, mashine haina upendeleo," aliniambia. "Au huyo Athumani ni ndugu yako?"

"Si ndugu yangu. Watu wananadiwa mitumbwi na hawajui kama rufaa ipo!"

"Sawa. Liweke kwenye ripoti ya robo mwaka."

Robo mwaka! Kabla haijaisha, Athumani alipelekwa Nyamwage kufungua na kufunga geti. Nyekundu zikapotea zote, na Mkuu akapongezwa na wakubwa zake.

Muda si mrefu akaja ofisini Bi Zaituni, mjane wa kisiwani, kufuata mtumbwi wake uliozuiliwa. Barua alikuja nayo mkononi. Ilikuwa imemfikia jana yake, na mtumbwi ulishauzwa. Mkuu alimgeuzia kioo cha kompyuta: "Bibi, hapa inaonyesha ulipokea zamani." Yule mama hajui kusoma. Alitazama kioo, akanitazama mimi, akaondoka. Ripoti yangu niliiandika kwa hasira, ikapanda ngazi, mpaka leo haijashuka.

Siku ya kuniaga nilipostaafu nilivishwa kitenge, na Mkuu akahutubia: "Chini ya Mama huyu, hitilafu zimekwisha kabisa." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikunja uso tangu mwanzo wa sherehe hadi mwisho, na picha zipo.

Ninyi mnaoshika kazi hii sasa, mkiona kioo kizima ni kijani msishangilie. Ulizeni kwanza nani ameondolewa.

Juzi nilikwenda Nyamisati kununua kamba, nikamkuta Bi Zaituni ufukoni. Alikuwa anangoja kuvushwa, abiria katika mtumbwi uliokuwa wake. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Aliniuliza jambo moja tu.

"Yule tarishi aliyekuwa anatuletea barua mpaka mlangoni, mlimwondoa kwa kosa gani?"

"Kwa kosa la kufika," nikamjibu.