Gari la gesi nililolileta Kampala, na Jumamosi zangu za uongo

Wakuu, habari za humu. Wenye umri shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Mimi ni wale wa kusoma kimyakimya, leo ndio naandika mara ya kwanza. Ni Mkenya, mtu wa Bungoma, nakaa Kyebando hapa Kampala mwaka wa tisa sasa. Kiswahili changu kimechanganyika, mnivumilie. Ila haya ni ya kweli, hata pale ninapoonekana mjinga. Hasa pale.

Naona nyuzi nyingi za "nifunge gesi au nisifunge". Majibu karibu yote yanatoka Dar. Basi pokeeni na la huku.

Kazi yangu ni mitumba. Nanunua robota soko la Owino, nalifungua, nauza Kyebando. Mke wangu, Mama Neema, ana kibanda cha chakula. Tulikuwa na pikapu moja kuukuu, kelele tupu, lakini lilikuwa linabeba. Asubuhi matooke, ndizi za huku, na makaa yake kutoka soko la Kalerwe, mchana marobota yangu. Ubaya wake mmoja, lilikuwa linakunywa petroli bila huruma.

Nikaenda Dar kufuata mzigo Kariakoo. Mwenyeji wangu akanizungusha na gari lake, steshen wagoni, limefungwa gesi asilia. Asubuhi tulipanga foleni kituoni, ndefu kweli, siwafichi. Lakini baada ya hapo tukazunguka siku nzima na jamaa hata haangalii geji. Nikakumbuka nyuzi zenu. Kumbe hamkuwa mnajisifu!

Na gari alikuwa analiuza.

Nikapiga simu nyumbani. Mama Neema akauliza swali moja tu: "Na Kampala hiyo gesi ipo?"

Nikajibu bila kupepesa macho: "Ipo kila petrol station. Si unaionaga?"

Wakuu, hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Huku kila kituo cha mafuta kina kizimba cha chuma kando ya pampu, kimejaa mitungi, kimeandikwa GAS kwa herufi kubwa. Miaka yote napita nakiona. Akili yangu ikaishia hapo. Sikujua hiyo ni ya kupikia maharage, na ya lile gari ni kitu kingine kabisa. Ile ya gari inashindiliwa kwa presha kubwa, ina mashine yake na bomba lake. Haiuzwi kwenye mtungi wa kubeba begani.

Pikapu tukaliuza, gari nikanunua.

Safari ya kurudi ilianza kwa raha. Injini imetulia, naimba peke yangu. Karibu na Morogoro swichi ikalia tik, gari likahamia petroli lenyewe. Nikasema haina neno, nitajaza nikifika. Kutoka hapo hadi Mutukula, na kutoka mpakani hadi nyumbani, nimekuja na petroli, na mtungi mzito mtupu umelala kwenye buti.

Wiki ya kwanza nilizunguka Kampala nzima. Kila kituo vijana wa pampu wananiangalia, wanaangalia mtungi, wanaitana waje waone. Mmoja akaniambia nisubiri, mafuta yetu yanachimbwa huko Hoima, gesi nayo itafuata. Nikamuuliza itafuata lini, akacheka.

Nikarudi nyumbani. Mama Neema yuko mlangoni: "Umepata?"

Sijui ni shetani gani aliyenishika ulimi. Nikasema, "Nimepata. Kuna sehemu Kawempe."

Kuanzia hapo kila Jumamosi nikawa nakwenda "kujaza gesi". Naenda Kawempe kwa fundi wangu mmoja tunayemwita Ssalongo, maana ana mapacha, na huku ukiwa baba wa mapacha huitwi jina lako tena. Nakaa pale kwenye benchi saa nzima, nakunywa chai, halafu njiani nakata kona naweka petroli. Ile swichi ya gesi ina taa, mtungi ukiwa mtupu inawaka nyekundu. Nikabandika stika ya kanisa juu yake.

Kilichokuwa kinaniuma si petroli. Ni buti. Mtungi umekula nafasi yote. Matooke yakahamia kiti cha nyuma, watoto wakawa wanakaliana mapajani, na Mama Neema anakwenda Kalerwe mara mbili kwa mzigo wa safari moja. Hakulalamika hata siku moja. Alikuwa anawaambia wamama wa kanisani, "Tunabanana, lakini gesi inatuokoa."

Nilikuwa nasikia hayo nakosa pa kuweka uso.

Sasa, Mama Neema ana mdogo wake, Wekesa, dereva wa kiwanda kimoja cha biskuti. Mtu mpole, kazi yake ya mshahara, hana neno na mtu. Jumapili moja amekuja kula, dada yake akamsifia gari letu mpaka sahani zikapoa. Jumapili iliyofuata Wekesa akarudi na habari. Ameandika barua ya kuacha kazi, ataipeleka Ijumaa. Jumatatu anapanda basi la Dar na akiba yake yote, akanunue gari la gesi kama la shemeji, aje afanye special hire, yaani teksi ya kukodi.

Mama Neema akapiga makofi. Akanigeukia: "Baba Neema, Jumamosi mpeleke akaone wanavyojaza."

Nikajifanya nashughulika na mfupa.

Ungedhani ningesema pale pale. Sikusema. Nilichofanya ni cha aibu zaidi. Alhamisi nikachukua mtungi wa gesi ya kupikia wa mke wangu, ule wa kibandani, nikamwambia naupeleka ujazwe. Nikaenda nao kwa Ssalongo. Nikamwambia ahamishe hii gesi iingie kwenye mtungi wa gari, ili Jumamosi taa iwake kijani, hata kwa dakika kumi.

Ssalongo akafuta mikono. Akaangalia mtungi mdogo, akaangalia mkubwa, akaniangalia mimi.

"Ssebo, wewe iko na watoto ngapi?"

"Watatu."

"Na mimi iko na sita. Hii ya kupika iko kama maji ndani, ile ya Dar iko upepo ya presha mingi. Hii mashine yako haijui kukula hii. Ikivuja haipandi juu, inalala chini, hapo kwa miguu ya watoto. Moto moja tu, banange!"

Nikaanza kumbembeleza. Akanikata.

"Kila Saturday unakunywa chai yangu, mimi nanyamaza. Nilijua iko kitu unakimbia. Enda omba bibi yako msamaha. Hiyo haina presha."

Akaunyanyua mtungi wa Mama Neema, akaurudisha kwenye gari na kuufunga mkanda wa kiti. Niliona haya, wakuu. Nimeuza nguo miaka tisa, nimeshatukanwa na wateja wa kila aina, lakini sijawahi kuona haya vile.

Jioni hiyo nikampigia Wekesa aje. Nikawakalisha wote wawili, nikasema yote. Kizimba cha GAS, Morogoro, chai ya Kawempe, mpaka stika.

Wekesa akauliza polepole, "Shemeji, ungeniacha nipande basi?"

Nilitaka kusema hapana. Nikasema, "Sijui." Ndiyo ukweli. Mpaka leo sijui.

Mama Neema alitoka nje, tukamsikia anafungua mlango wa gari. Aliporudi ameshika ile stika mkononi, ameibandua vizuri bila kuichana. Akaibandika kwenye mlango wa kabati. "Hii ni ya kanisa," akasema, "haifichi mambo ya watu." Akaenda kulala. Siku tatu chakula nilipewa, maneno sikupewa.

Barua ya Wekesa haikupelekwa. Yuko kiwandani bado, na Jumapili anakuja, ingawa sasa nikimwambia jambo anamwangalia kwanza dada yake.

Ssalongo alitoa mtungi, mabomba na kila kitu. Buti likarudi. Petroli tunanunua kwa sauti, bila kujificha.

Sasa, kwa mnaouliza: gesi ni nzuri. Simtukani mtu wa Dar aliyefunga. Kama kituo kiko njia yako ya kila siku, unatembea sana, foleni unaiweza, na buti sio ofisi yako, funga, na fundi awe anayejulikana. Lakini uliza kwanza bomba liko wapi, ndipo uulize bei. Mimi niliuliza gari linakula nini, sikuuliza atakayelilisha ni nani. Na tafadhali, mtungi wa jikoni ubaki jikoni. Msijaribu.

Somo langu mwenyewe ni dogo zaidi. Kosa la kununua lilikuwa la siku moja, ningesamehewa kabla ugali haujaiva. La Jumamosi zote zile nililipika mwenyewe.

Mtungi uko hapa uani, kuku wanapumzika juu yake. Mwenye kujua namna ya kuurudisha Dar salama aseme. Na mliofunga gesi mkaishi mbali na kituo, mlifanyaje? Wekeni ukweli hapa, kucheka mnaruhusiwa.

Naishia hapa. Leo ni Jumamosi, nilikuwa nimeshavaa viatu nikamwone Ssalongo, salamu tu, mtu amekuwa rafiki. Mama Neema anamenya matooke, hata hakuinua kichwa. "Baba Neema, unakwenda kujaza gesi?"

Nimevua viatu. Nimechukua kisu cha pili, tunamenya wote.