Ufunguo kwenye Dashibodi

Fundi Ngurumo hakuitwa hivyo kwa ajili ya gari lake peke yake. Alinguruma gereji, alinguruma mezani, na msibani alinguruma kuliko wafiwa. Lakini gari nalo lilichangia. Lilikuwa gari jekundu la mbio, la petroli, alilolinunua likiwa gofu akalifufua kwa mikono yake. Kila lilipowashwa, muuza chai wa ng'ambo ya barabara alifunika masufuria yake, maana bati la kibanda lilianza kudondosha kutu.

Mteja mpya hakupokelewa gereji bila kwanza kukalishwa kwenye kiti cha abiria cha gari hilo. Ngurumo alibandika ufunguo wa gereji kwa sumaku juu ya dashibodi, akasema, "Uchukue kabla sijatia gia ya tatu. Ukiupata, gereji yako." Kisha alikanyaga mafuta. Mteja alibanwa mgongo kwenye kiti, mikono ikipapasa hewa, tumbo limebaki nyuma huko. Aliteremka akicheka, na tangu hapo hakupeleka gari lake kwa fundi mwingine.

Mtu mmoja tu aliwahi kuugusa ufunguo ule, naye alikuwa binti yake, enzi hizo akivaa sare ya shule ya msingi. Mtoto yule alikuwa mjanja. Aligundua kwamba baba akikanyaga klachi kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili, gari huvuta pumzi kidogo, na mgongo huachia kiti. Akangoja hapo hapo, akajirusha. Vidole vikagusa chuma. Ngurumo alipoona hivyo akapiga breki makusudi. Mkanda wa kiti kile ulikuwa umekatika siku nyingi. Mtoto akapiga mdomo kwenye dashibodi, jino la mbele likang'oka.

"Mkono wako mfupi," alimwambia huku akicheka, akamtupia kitambaa. Kitambaa kilikuwa cha kufutia dashibodi, si mdomo.

Baba wa namna hiyo humpata mtoto anayemstahili. Binti alikulia humo humo gerejini, akajua kufungua injini na kuifunga, lakini kila aliposhika spana aliambiwa, "Ndoo ile pale, kaoshe magari. Ukiwa na akili ya injini nitakuita." Aliambiwa hivyo akiwa msichana, akaambiwa hivyo akiwa mama wa watoto wawili, mbele ya wateja, na wateja walicheka. Siku moja aliiacha ndoo imejaa maji, akaenda kujifunza magari ya umeme kwa watu wengine.

Alirudi Jumamosi moja asubuhi, gereji imejaa watu, akiendesha gari la umeme la kijivu, la familia, lenye kiti cha mtoto nyuma. Liliingia kimya hata fundi rangi wa gereji akashtuka limesimama kisogoni pake.

"Shikamoo baba. Nipe gereji niiendeshe. Wateja wako wanahamia kwenye haya magari mmoja mmoja, na wewe hutaki hata kuyafungua."

"Hili ni gari?" Ngurumo aliwageukia watu. "Hili ni friji lenye magurudumu."

Watu wakacheka. Binti akangoja wamalize.

"Basi tushindane, baba."

"Nikikushinda usikanyage hapa tena. Si wewe, si wanao."

"Na nikikushinda mimi?"

"Ufunguo wako," alisema Ngurumo, na aliyasema hayo mbele ya mashahidi tele, maana bila watazamaji hakujua kusema.

Walikwenda kwenye barabara mpya ya viwandani, fupi, iliyokuwa haijafunguliwa. Fundi rangi aliinua kitambaa, akakiangusha. Gari jekundu likapiga kelele za kupasua masikio, matairi yakazunguka palepale, moshi ukatanda. Debe tupu haliachi kuvuma. Lilipopata kushika lami, la kijivu lilikuwa limeshatoka, na Ngurumo aliona taa zake za nyuma tu. Kila alipohamisha gia, aliachwa hatua nyingine. Kwenye gia ya tatu alianza kulikaribia, na hapo barabara ikaisha.

Walirudi kwa watu. Ngurumo aliteremka bila kuzima injini.

"Huo ni mruko wa mwanzo tu. Barabara ingekuwa ndefu ningekupita."

"Pengine," alisema binti. "Lakini barabara ndiyo hii. Sikiliza, baba, nakuongezea nafasi. Panda kwangu, ufunguo uwe mbele yako. Ukiuchukua kabla sijaondoa mguu kwenye pedali, gereji inabaki yako. Na sikuwekei sharti la gia."

Ngurumo nusura amcheke. Aliutoa ufunguo kwenye gari lake, akapanda haraka, akaubandika mwenyewe kwa sumaku ambayo binti alikuwa ameshaigandisha kwenye dashibodi kwa gundi, akafunga mkanda. Siri aliijua kuliko mtu yeyote: usishindane na kiti, ngoja gari livute pumzi, hapo ndipo ujirushe.

Gari likaondoka. Kiti kilimpokea kama kofi. Akatulia, mkono tayari, akingoja klachi. Miti ya kando ikakimbia, mgongo umebanwa, shavu limevutwa nyuma, naye akingoja. Gari halikuvuta pumzi. Halikuwa na gia ya kuhamisha. Angejitutumua tangu mwanzo pengine angeufikia ufunguo. Ujanja wake ndio uliomkalisha. Alipoelewa, akanyoosha mkono, lakini binti alikuwa ameshaondoa mguu. Barabara ilikuwa imeisha.

Binti alisimamisha gari polepole sana, kama aliyebeba mgonjwa.

"Ulikuwa unangoja nini, baba?"

"Gia," alisema Ngurumo. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

Binti akaubandua ufunguo, akautia mfukoni, akageuza gari. Wakafika mbele ya watu. Hapo akashusha kioo ili wote wasikie.

"Mkono wako mfupi," alisema akitabasamu, na jino la bandia likaonekana.

Ngurumo aliteremka. Aliwatazama wateja wake wa miaka yote, akitafuta mmoja wa kukasirika kwa niaba yake. Kila mmoja alitazama viatu vyake.

"Mwanangu," alisema, "sasa mimi nitafanya kazi gani pale?"

"Ndoo ipo, baba. Utaosha magari. Ukiwa na akili ya umeme nitakuita."

Watu wakacheka, kama walivyocheka siku zote. Ngurumo akaenda kuzima gari lake jekundu, ambalo lilikuwa bado linaunguruma peke yake katikati ya barabara.