Dozi ya Kulwa Niliyoigawa kwa Doto

Siku ile nyumbani kwetu Mkuyuni tulikuwa watano, na wote nawakumbuka. Mama mkwe wangu Milembe, mzazi wa mume wangu Masalu. Wifi yangu Limi, dada yake Masalu. Mapacha wangu, Kulwa na Doto, mabinti wa miaka sita. Na mimi Minza, ingawa tangu nijifungue hakuna aliyeniita Minza tena. Nilikuwa Mama Kulwa. Masalu mwenyewe alikuwa Ukerewe kwenye dagaa.

Nawaandikia ninyi mnaolea sasa, maana tangu Jumapili sijatulia. Nilikwenda Mabatini kwa mjukuu wangu Neema, binti wa Doto, ambaye mtoto wake alikuwa na malaria. Nikakuta juu ya kabati dawa mseto, zaidi ya nusu imebaki. Nikamuuliza.

"Bibi, homa si imeshaondoka? Hiyo ni akiba."

Akiba! Chai ikanipoa mkononi.

Basi nisikilizeni, wanangu. Siku ile Kulwa alikuwa na homa, meno yanagongana. Zahanati wakampa klorokwini ya siku tatu. Enzi hizo ndiyo ilikuwa dawa. Nilipomega kidonge cha kwanza, Doto akaangua kilio: "Mbona Kulwa anapewa, mimi sipewi?"

Mnaweza kucheka, lakini kwetu Wasukuma pacha hapewi kitu mwenzake akabaki anatazama. Magauni mawili, viazi viwili, hata kofi: ukimchapa mmoja, mwingine unamgusa kidogo. Mama mkwe akanikazia macho. "Mama Kulwa, unawatenga watoto wa tumbo moja? Huyu akiugua kwa kinyongo, utasema nini?"

Moyoni nilijua si sawa. Lakini mke wa mtu hambishii mama mkwe, tena mbele ya wifi. Nikagawa, nusu huyu, nusu huyu. Doto alipoonja ule uchungu akatema, na Limi akamcheka: "Si ulitaka? Meza sasa, mama wivu!" Akameza huku analia.

Siku ya pili Kulwa akacheza, nami nikajiona mama hodari. Hazikupita wiki mbili, homa ikarudi. Tukaenda, tukapewa, tukagawa tena. Ikarudi. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba kuna mtu anatuchezea kwa uchawi, na mama mkwe akaanza kutaja majina ya watu wasio na hatia. Mimi nilikuwa naingia, natoka, naanika dagaa, naacha, narudi kushika paji la mtoto. Ndipo asubuhi moja degedege likamshika, macho yakageuka meupe. Nikamkumbatia nikakimbia, kanga ikaanguka njiani, mama mkwe nyuma yangu amemshika Doto mkono.

Mganga wa zahanati alikuwa Mzee Bwire, mtu wa Musoma, sauti nzito. Alimtundikia Kulwa dripu ya kwinini, kisha akanigeukia.

"Mama Kulwa, zile dozi ulimaliza?"

"Shikamoo, mzee. Nilimaliza."

"Marahaba. Alimeza Kulwa zote?"

Kabla sijajibu, Doto akadakia, "Mimi sikutaka vile vidonge vya pili! Mama alinilazimisha."

Mzee Bwire akavua miwani. "Kumbe ulikuwa unafuga wadudu. Nusu dozi haiwamalizi, inawapumzisha tu, halafu wanarudi. Ukitaka kuwatendea haki mapacha, wagawie ugali. Dawa ni ya mgonjwa."

"Nikaripie mimi," mama mkwe akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia."

"Basi nawakaripia wote wawili."

Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, na guu lililovunjika halikuwa langu. Kulwa alipona, lakini sikio la kushoto halikusikia tena. Mpaka leo ukimwita kwa upande ule anapita tu, na wasiomjua wanasema anaringa.

Kwa hiyo, wanangu, homa kushuka siyo kupona. Malizeni dawa siku zote mlizoambiwa, hata mtoto akiwa anaruka kamba. Msiweke akiba, msimgawie jirani, wala pacha. Na kama mmemaliza dozi yote na bado homa inarudi, msianze kutaja majina ya watu, rudini mkapimwe. Daktari mmoja ameniambia ipo malaria inayojificha kwenye ini, ikaamka baadaye, nayo ina dawa yake, ila mpaka upimwe kwanza. Semeni ukweli mnapoulizwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwangu kilikuwa mlangoni.

Mungu awape watoto wenye kuwazika ninyi, siyo ninyi kuwazika wao. Nyumba zenu zisikose kicheko.

Kama nimekosea jina la mtu, au hesabu ya wiki, nisahihisheni. Limi bado yupo, ana kumbukumbu na ana mdomo. Ila mkono uliovunja vile vidonge ulikuwa wangu. Hapo msinisahihishe.