Korgi Wawili wa Ianto

Ianto, mfuga ng'ombe wa Cardigan, huko Wales, alisimama akitazama. Mwamuzi wa maonyesho ya mbwa, mtu wa mjini, alikuwa ameinama zizini akiwakagua korgi wake wawili, mbwa wa kuchunga ng'ombe, mama na mwana, wafupi kama vigoda.

"Mzee, sheria imebadilika. Huyu mwenye mkia ni aina ya Cardigan. Huyu asiye na mkia ni ya Pembroke. Kuanzia leo wasichanganyike."

"Lakini huyu kamzaa huyu. Hapa hapa, kwenye nyasi hizi."

"Ndiyo hivyo, mzee."

Ianto akajikuna kisogo, akamgeukia mkewe Mallt, aliyemwoa kutoka wilaya jirani ya Pembroke, aliyekuwa akikamua ng'ombe.

"Mama Elin, umesikia? Sasa watoto wetu tuwaweke wapi?"

"Waangalie mikia," Mallt akasema, akaendelea kukamua.