Mkono wa Nyumba ya Bi Fakhriya

Mafundi wa Ilala walimwita Padri, ingawa Gaudens Isidori hakuwahi kuhubiri popote. Jina hilo lilimshika kwa sababu alilelewa na wamisionari huko Kilimanjaro, na kwa sababu alipoulizwa swali alinyamaza kwanza, kama mtu anayetafuta ukurasa. Alikuwa seremala. Randa na msumeno alifundishwa misheni tangu ndevu hazijamwota, na alijua futi na inchi kama alivyojua sala ya asubuhi.

Mwaka 1924 aliteremka kwa gari la moshi hadi Tanga, akapanda meli, akafika Dar es Salaam na sanduku la vyombo vyake vya kazi. Siku chache tu zilimtosha kugundua kwamba kwa wauza boriti futi haikuwa na wasikilizaji. Miti ya mikoko iliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na urefu wake ulihesabiwa kwa mikono. Gaudens akamwuliza mkata miti mmoja, mkono ni kiasi gani? Yule mtu akakunja ngumi, akaonyesha kutoka kiwiko hadi vifundo vya vidole. "Kutoka hapa mpaka hapa," akasema, akaendelea na kazi yake. Gaudens akapima mkono wake vivyo hivyo, akashukuru, na hakuuliza tena. Kijana aliyesoma huona haya kuuliza jambo moja mara mbili.

Kwa miaka saba haya hiyo haikumdhuru. Alitengeneza madirisha, vitanda na milango, akajenga banda lake la kazi Ilala, akawa fundi ambaye watu walimtafuta wenyewe. Kisha, mwaka 1931, akaitwa na Suud bin Humoud.

Suud alikuwa mwuza nguo Kariakoo, mtu mwenye haraka na moyo mwema, ambaye aliona wajenzi wakipata riziki akaamua kuwa mkandarasi. Yeye mwenyewe hakujua kushika mwiko. Kazi yake ilikuwa kupatana na mwenye kiwanja, kisha kuwagawia mafundi: kuta kwa huyu, paa kwa yule. Mara hii mwenye kiwanja alikuwa Bi Fakhriya, mjane wa ukoo wake, aliyekuwa amekaa miaka mingi katika chumba cha watu. Alitaka nyumba ya vyumba sita Mtaa wa Sikukuu, viwili akae yeye, vinne apangishe, asimwombe mtu tena mahali pa kulala.

Kuta alipewa Mwinyikondo, Mzaramo wa makamo, hodari wa kusimamisha nguzo, kufunga fito na kukandika udongo. Paa alipewa Gaudens. Suud alipita bandani kwake asubuhi moja, hakukaa hata barazani.

"Nataka kombamoyo za kubebea paa, korija mbili," akasema. "Mikono kumi kila moja. Nataka kabla ya masika."

"Mikono kumi," akaitika Gaudens.

Basi. Hapo ndipo mapatano yao yalipoanza na yalipoishia.

Mwishoni mwa Februari kuta zilikuwa zimesimama, udongo wake bado mbichi kwa ndani, na makuti yamepangwa uani kama mikeka. Gaudens akaleta kombamoyo zake arobaini kwa mkokoteni, zimenyooka, zimechongwa vizuri kila ncha. Akapanda juu, Mwinyikondo akampandishia ya kwanza. Ncha moja ikakaa penye mti wa kipaa, juu kabisa. Ncha ya pili ikafika juu ya ukuta, ikaishia hapo hapo, kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka hakualikwa.

Mwinyikondo akatazama juu, kisha akatazama chini.

"Padri," akasema taratibu, "hizi ni kombamoyo au ni bakora?"

"Lete nyingine."

Nyingine ikaishia pale pale. Ya tatu pia. Paa lingefunika vyumba, ndiyo, lakini upenu usingekuwapo. Na kila aliyejenga kwa udongo anajua kwamba upenu ndio mwavuli wa ukuta. Paa lisipotokeza nje, maji ya masika hutiririka ukutani, na ukuta wa udongo ukinywa maji siku tatu hurudi kuwa tope.

Suud aliitwa kutoka dukani kwake. Alikuja na Bi Fakhriya, ambaye hakuwa ameitwa.

"Nilisema mikono kumi," akasema Suud, kabla hajaulizwa.

"Na mimi nimekata mikono kumi," akasema Gaudens kutoka juu.

"Hiyo si kumi. Mimi nimepima nguo maisha yangu yote, bwana. Hiyo ni minane, na nimekuhurumia."

"Shuka uipime mbele yake," Mwinyikondo akashauri. "Usimpimie kutoka mbinguni."

Gaudens akashuka, akapima kwa mkono wake, ngumi imefumbwa. Kumi, bila kupungua. Suud akapima baada yake, vidole vimenyooka kama anavyopima kaniki. Minane. Wakatazamana, kila mmoja akimwona mwenzake mwongo.

Bi Fakhriya ndiye aliyeona. Alisogea, akawaambia waweke mikono yao sambamba juu ya mti. Wakaweka. Mmoja ulikuwa na ngumi, mmoja ulikuwa na kiganja wazi, na tofauti yao ilikuwa urefu wa vidole.

"Wanaume watatu, mikono sita," akasema, "na nyumba yangu haijapata hata mmoja."

Mwinyikondo akacheka, akajizuia. Ulikuwapo mkono konde na ulikuwapo mkono kamili, na kila mwenyeji wa pwani alijua yote miwili. Ila katika kazi hii hakuna aliyetaja ni upi. Suud hakucheka. Alisema atatafuta seremala mwingine siku hiyo hiyo, mtu wa mjini anayejua mambo ya mjini.

Hapo Gaudens aliitazama ile miti yake arobaini. Alijua kwamba akiondolewa kwa kosa hili, hatapata paa jingine Kariakoo. Alijua pia kwamba fundi mpya angeanza kutafuta miti upya, na mawingu yalikwisha anza kukaa upande wa baharini kila alasiri. Angeweza kulaumu mkata miti wa miaka saba iliyopita. Hakumlaumu.

"Nilisikia mkono, sikuuliza mkono gani," akasema. "Kosa la kutouliza ni langu. Kosa la kutosema ni lako, Bwana Suud. Nipe siku nane. Kila kombamoyo nitaiunga kwa kipande cha mikono minne, miwili ilale juu ya mti, miwili itokeze nje. Nitafunga kwa kamba za usumba wa nazi, nitapigilia na vigingi. Itabeba makuti."

"Miti utaipata wapi kwa siku nane?"

"Ninayo. Imesimama Ilala."

Hakuna aliyeelewa mpaka kesho yake, alipobomoa banda lake la kazi akaja na miti yake juu ya mkokoteni. Watu wengine wakikosea huleta maneno. Yeye alileta nguzo za mahali alipopatia chakula chake.

Lakini kabla hajapanda juu aliweka sharti, na kwangu mimi sharti hilo linazidi hata zile nguzo. Alitaka wote wanne wasimame uwanjani. Akamwomba Suud anyooshe mkono, akaweka ufito ulionyooka kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, akaukata. Akakata na nyingine mbili sawasawa nao. Mmoja akampa Suud, mmoja Mwinyikondo, mmoja akabaki nao.

"Huu ndio mkono wa nyumba hii," akasema. "Mwingine wowote ubaki mwilini mwa mwenyewe."

"Ukinipotea?" akauliza Mwinyikondo.

"Utakuja kuomba kwangu. Hutajipimia. Sasa, mzee, naomba useme mbele yetu kazi yako inaishia wapi."

"Padri, mimi nimejenga kuta kabla hujaanza kula ndizi zenu. Kazi yangu inaishia juu."

"Juu wapi?"

Mwinyikondo akajikuna kidevu. "Udongo unapoishia."

"Na ule mti unaolala juu ya ukuta, mwamba, unaobeba kombamoyo zote. Nani anaufunga kwenye nguzo?"

"Wewe," akasema Mwinyikondo.

"Nilidhani wewe," akasema Gaudens.

Suud akainua macho, na wote wakatazama ule mwamba, ambao ulikuwa umelazwa tu juu ya ukuta wa upande wa kusini bila hata kamba moja. Upepo wa kwanza wa masika ungeuchukua pamoja na paa zima.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Fakhriya kwa sauti ya chini. "Endelea kuuliza, mwanangu."

Akaendelea. Nani analeta kamba? Nani anaziba nafasi kati ya ukuta na paa? Mwezekaji akija, anapanda siku gani, na ngazi ni ya nani? Kila jibu walilitamka kwa sauti, na aliyejibu akalirudia. Suud alianza kwa kutazama jua, kama mtu aliyeacha duka wazi. Alimaliza akiwa amechuchumaa mchangani, akiuliza maswali yake mwenyewe.

Mwamba ulifungwa siku hiyo, na Mwinyikondo ndiye aliyeufunga, kwa kuwa ndivyo walivyopatana. Siku sita zilizofuata Gaudens alishinda juu ya kuta, akiunga mti kwa mti, viganja vimechubuka kwa usumba. Chini yake Mwinyikondo alimtania asubuhi na jioni, lakini hakuna kipande kilichopandishwa bila kwanza kulazwa kwenye ufito. Waezekaji walifuata nyuma yake, safu kwa safu.

Mvua iliwahi kwa siku moja kabla ya zile nane kutimia. Ilishuka alasiri, wakati safu ya mwisho ya makuti ya upande wa nyuma ndiyo kwanza inafungwa, na waliokuwa juu wakateremka mbio. Wote wakajibanza katika chumba cha mbele, pamoja na Bi Fakhriya na jamvi lake. Walisikiliza makuti, kisha wakatazama mlangoni. Maji yalikuwa yakianguka kutoka kwenye upenu kama pazia, hatua nzima mbali na ukuta, yakichimba mfereji wake mchangani.

Bi Fakhriya akatoka barazani, akapitisha kiganja ukutani kwa nje, kutoka juu hadi chini. Akakigeuza, akakitazama. Kilikuwa na vumbi.

Suud akasimama karibu na seremala wake, mikono nyuma.

"Nina kiwanja kingine, Mtaa wa Swahili," akasema. "Njoo kesho, uje na Mwinyikondo. Msije na shoka wala msumeno. Kwanza tuzungumze."