Batani Mbili kwa Pamoja

Mkanda wenye programu ulitufikia Eldoret ukiwa umeshafunguliwa. Mtu fulani njiani alikuwa ameuchungulia, sijui akitarajia kuona nini kwenye mkanda wa sumaku. Nilikuwa mwalimu wa kompyuta kule kampasi ya Chepkoilel, na mkandani mlikuwa na zana za watu wanaoandika Lisp, lugha ya kompyuta iliyojaa mabano. Kwa zana hizo wangeweza kuchora madirisha, batani na menyu kwenye skrini. Hadi wakati huo skrini zetu zilijua maandishi tu.

Kuziweka kulinitoa jasho. Kila faili ilitaka nyingine itangulie, na nikikosea mpangilio mashine iligoma. Mwenzangu, fundi wa maabara aliyetoka Busia, alikuwa akiniambia niibembeleze kama mama mkwe. Dirisha la kwanza lilipojitokeza, kisanduku cha kijivu chenye batani moja, tulilicheka kwa furaha kama tumelizaa.

Menyu ndiyo iliyotusumbua. Mwishowe niligundua kwamba haifunguki mpaka ubonyeze batani mbili za panya wa kompyuta kwa pamoja. Mwenzangu alikuwa kwenye mashine ya pili, ng'ambo ya chumba, na feni ilipiga kelele. Aliniuliza kwa kichwa, nifanyeje? Bila kufikiri nikainua mkono juu nikamwonyesha vidole viwili.

Mlango ulikuwa wazi. Siku zile watu walikuwa wameanza kudai vyama vingi, na ishara yao ilikuwa vidole viwili. Kidole kimoja kilikuwa cha chama tawala. Watu walikuwa wakichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Na mlangoni alisimama mgeni aliyekuwa akitembezwa na mkuu wetu, beji ya chama kwenye koti. Hakuna aliyetuambia kazi yake, lakini sote tulijua ni mtu wa usalama.

"Madam," akasema, "hiyo vidole mbili ni ya nini?"

Nikashusha mkono. "Ni ya menyu, Mzee."

Hata masikioni mwangu jibu hilo lilikuwa la kipumbavu.

"Hebu nionyeshe."

Nikabonyeza. Kimya. Lisp ina tabia yake: kumbukumbu ikijaa, husimamisha kila kitu ijifagie kwanza, nawe unangoja. Nilijua hivyo, lakini ningemwambiaje mtu yule kwamba mashine inafagia? Nikabonyeza tena. Mkuu wetu alikuwa ameshageukia ukuta kana kwamba hanijui. Niliogopa sana. Nilimfikiria binti yangu, nikajiuliza ni nani atakayemchukua jioni nisiporudi.

Menyu ikafunguka. Mgeni akaisoma yote polepole, midomo ikicheza.

"Na hii haiwezi kutumia moja?"

"Inaweza, Mzee."

"Basi tengeneza itumie moja."

Nikamwambia asante. Walipoondoka nikabadilisha ule mstari wa programu uliodai batani mbili, kwa haraka hadi nikasahau bano la kufunga. Mwenzangu aliona halipo akaniandikia yeye, bila mzaha wowote. Tangu siku hiyo wanafunzi tuliwafundisha mikono ikiwa mifukoni.

Jioni nilimfuata binti yangu kwa mama mwenye duka, mtu wa Nyeri, aliyekuwa akinishikia mtoto nikienda kazini. Mteja mmoja, mwanamume nisiyemjua, alikuwa akinunua sigara. Akamwinamia mtoto akamuuliza, "Na wewe uko na miaka ngapi?"

Binti yangu alikuwa amejifunza jibu hilo majuzi na alilionea fahari. Akainua mkono juu kabisa, vidole viwili.

Niliudaka mkono nikavikunja vile vidole, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, akaangua kilio. Mwanamume akatutazama, akachukua sigara zake akatoka. Mama mwenye duka hakuniuliza kwa nini nimemuumiza mtoto. Alienda akafunga mlango, kisha akaketi kando yetu.